Betty Robinson, binti wa kwanza kushinda mita 100 za Olimpiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Olimpiki inapokaribia, jina la Betty Robinson huibuka kwa siku chache kisha likapotea tena. Na likiibuka huja na hadithi ileile: yule msichana aliyedhaniwa amekufa, akapelekwa kwa mzika maiti, akaamka. Nitaifikia hadithi hiyo. Lakini mwanamke huyu alikuwa mkimbiaji kwanza, tena mkimbiaji wa aina ya pekee, na inaniuma kuona ajali ya siku moja imefunika mbio za miaka minane. Maswali haya mengi nimeulizwa na vijana ninaowafundisha mbio fupi, mengine na wazazi wao.

Kwa kifupi, Betty Robinson ni nani?

Ni Mmarekani, Elizabeth Robinson, aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 1911 katika mji mdogo wa Riverdale, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Tarehe 31 Julai 1928, mjini Amsterdam, alishinda mita 100 za wanawake katika Olimpiki ya kwanza iliyowaruhusu wanawake kushindana riadha. Alikuwa na miaka 16, na zilibaki siku 23 atimize 17. Hadi leo hajatokea bingwa wa Olimpiki wa mita 100 aliye mdogo kuliko yeye, awe mwanamke au mwanamume.

Katika michezo hiyohiyo alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti. Miaka minane baadaye, Berlin 1936, akapata dhahabu ya pili.

Ni kweli aligunduliwa akikimbilia treni?

Ni kweli. Alikuwa anasoma Thornton Township High School, katika mji jirani wa Harvey, na alikuwa akienda na kurudi kwa treni. Siku moja alichelewa. Mwalimu wake wa biolojia, Charles Price, ambaye pia alikuwa akisaidia kufundisha riadha, alikuwa tayari ameshapanda. Alimwona binti yule akiwa bado mbali na kituo akasema moyoni kwamba huyu leo ameachwa. Muda mfupi baadaye binti akaja kuketi kwenye kiti cha karibu naye.

Price hakuamini miguu ile. Akamwomba akimbie kwenye korido ya shule baada ya masomo, yadi 50, huku yeye ameshika saa. Alichokiona kwenye saa kikathibitisha alichokiona dirishani.

Hapa kuna jambo ambalo hupitwa haraka. Shule ile haikuwa na timu ya riadha ya wasichana. Betty mwenyewe alikuja kusimulia kwamba hakuwa anajua kuwa kuna wanawake wanaoshindana mbio. Alikuwa amekimbia kwenye sherehe za kanisa na za mtaani, akiwashinda wenzake, basi. Price alimfanyisha mazoezi pamoja na wavulana kwa sababu hapakuwa na wasichana wa kufanya nao. Mwalimu ambaye angecheka tu na kumsifu kwa kuwahi treni angekuwa ametenda kama walimu wengi wa zama zile.

Aliwezaje kufika Olimpiki haraka hivyo?

Mbio zake rasmi za kwanza zilikuwa tarehe 30 Machi 1928, ndani ya ukumbi mjini Chicago, yadi 60. Alikuwa wa pili nyuma ya Helen Filkey, mmoja wa wanawake wenye kasi kubwa zaidi Marekani wakati huo. Fikiria: mashindano ya kwanza maishani, na aliyekutangulia ni bingwa peke yake.

Mara ya pili ilikuwa uwanja wa nje, Chicago tena, tarehe 2 Juni. Mita 100, sekunde 12.0. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya dunia iliyokuwepo, ingawa haukuingizwa kwenye orodha rasmi. Mara ya tatu ilikuwa mchujo wa timu ya taifa huko Newark, New Jersey, tarehe 4 Julai, ambako Elta Cartwright alimtangulia na yeye akawa wa pili. Nafasi ya pili ilitosha kumpa tiketi.

Mashindano ya nne ndiyo Olimpiki. Kutoka ukumbi wa Chicago hadi dhahabu ya Amsterdam ni miezi minne. Timu ilisafiri kwa meli ya President Roosevelt, wakifanya mazoezi sitahani, na kiongozi wa msafara alikuwa Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa rais wa kamati ya Olimpiki ya Marekani kabla jina lake halijajulikana duniani kwa vita.

Wanafunzi wangu wakisikia hili hukimbilia kusema kumbe mazoezi si lazima. Huwa nawarudisha nyuma. Betty alikuwa anafanya mazoezi karibu kila siku na wavulana waliomzidi nguvu, na alikuwa na mtu anayejua kumtazama. Kipaji kile kilikuwa kikubwa mno, lakini hakikuachwa kikae bure hata kwa hiyo miezi minne.

Kabla yake wanawake walikuwa hawakimbii?

Walikuwa wanakimbia, na hawakukaribishwa na mtu. Katika Olimpiki wanawake walianza kuonekana Paris 1900, kwenye tenisi na gofu, kisha kuogelea kukafuata mwaka 1912. Riadha ilifungwa. Pierre de Coubertin, aliyeifufua Olimpiki, hakuficha kwamba hakutaka wanawake washindane mle.

Aliyeuvunja mlango ni Mfaransa, Alice Milliat. Mwaka 1921 aliunda shirikisho la kimataifa la michezo ya wanawake, na mwaka 1922 akaandaa mashindano yao wenyewe Paris. Watazamaji walijaa. Mwaka 1926 yakafanyika tena Gothenburg, Sweden. Wanaume waliokuwa wakisimamia riadha ya dunia waliona kitu kinakua nje ya mikono yao, wakakubali kuingiza wanawake Amsterdam 1928, lakini kwa michezo mitano tu: mita 100, mita 800, kupokezana vijiti mara nne mita 100, kuruka juu na kurusha kisahani. Wanawake wa Uingereza waliona ni dharau na wakagoma kwenda kwenye riadha hiyo.

Kwa hiyo ukimsifu Betty, msifu na Milliat. Mmoja alipita mlangoni, mwingine aliusukuma kwa miaka saba.

Fainali ya Amsterdam ilikuwaje hasa?

Raundi za mwanzo zilikimbiwa tarehe 30 Julai, fainali siku ya pili yake. Walifika sita: Wakanada watatu, Wajerumani wawili, na Betty, Mmarekani peke yake aliyesalia. Elta Cartwright, yule aliyemshinda Newark, alikuwa ameshatolewa. Hata Kinue Hitomi wa Japani, mmoja wa wanariadha wakubwa wa zama zile, hakuingia fainali.

Njia ya mbio ilikuwa ya majivu ya makaa ya mawe yaliyoshindiliwa. Vyuma vya kuanzia, vile ambavyo wakimbiaji wa leo huvisukuma kwa miguu wakitoka, havikuwepo. Kila mkimbiaji alikuwa na kijikoleo chake, akachimba vishimo viwili vya kuwekea vidole vya miguu. Mvua ikinyesha majivu yanakuwa mazito, jua likiwaka yanabomoka kwenye kishimo. Anayekimbia leo juu ya mpira laini hawezi kuelewa hadi ajaribu kwenye uwanja wa udongo baada ya mvua.

Kisha mishipa ikaanza kuwasaliti. Kanuni ya wakati huo ilimpa kila mkimbiaji kosa moja la kuanza kabla ya bastola. La pili, anatoka. Myrtle Cook wa Kanada, ambaye wiki nne tu nyuma alikuwa amekimbia rekodi ya dunia ya sekunde 12.0, alichomoka mapema mara mbili. Akatolewa. Aliketi pembeni ya njia akilia. Leni Schmidt wa Ujerumani naye akafanya kosa la pili, naye akatolewa, na huyu hakulia: alimjia mwanzishaji wa mbio kwa hasira, akimtikisia ngumi.

Wakabaki wanne. Hebu jiweke kwenye nafasi ya binti wa miaka 16 ambaye hajawahi kuvuka bahari kabla ya mwezi ule. Umeinama, umeinuka, umeinama tena. Anayepewa nafasi kubwa ya kushinda analia hatua chache kutoka kwako, mwingine anagombana na mwamuzi. Kwa maoni yangu mshindi wa mbio zile alipatikana hapo, kabla hata hazijaanza. Mwalimu yeyote wa mbio fupi atakwambia kwamba kuanza tena na tena kunakausha mwili. Misuli inapoa na akili inaanza kuogopa bastola. Betty alitulia.

Bastola ilipolia safari hii walitoka wote vizuri. Kuelekea utepe walikuwa wawili tu, yeye na Fanny Rosenfeld wa Kanada, bega kwa bega. Betty sekunde 12.2, Rosenfeld 12.3, na Ethel Smith, Mkanada mwingine, akachukua shaba. Betty alikuja kusimulia kwamba bendera ilipopandishwa alilia kama mtoto.

Kuna wanaodai Rosenfeld ndiye aliyeshinda. Je, ni kweli?

Waamuzi walimpa Betty, na uamuzi haukubadilishwa. Baadhi ya Wakanada waliamini kwa dhati kwamba mwenzao ndiye aliyegusa utepe kwanza, na sioni ajabu. Picha ya kumalizia mbio haikuwa ikitumika kama leo. Waamuzi walisimama kwenye ngazi pembeni, macho yao ndiyo mashine. Mimi nimesimama mwisho wa mstari mara nyingi na saa mkononi, na nakiri kwamba wakimbiaji wakija wamebanana, watu watatu wanaweza kuona washindi watatu.

Rosenfeld hakuondoka mikono mitupu. Tarehe 5 Agosti yeye, Smith, Jane Bell na yuleyule Myrtle Cook aliyelia walishinda vijiti kwa rekodi ya dunia, sekunde 48.4. Betty alikimbia mwisho kwa Marekani, wakawa wa pili kwa 48.8. Namna Cook alivyorudi siku tano baada ya aibu ile na kumaliza mbio za dhahabu ni jambo linalonigusa kila nikilisoma.

Je, Betty ndiye mwanamke wa kwanza kabisa kupata dhahabu ya Olimpiki?

Hapana. Charlotte Cooper wa Uingereza alikuwa bingwa wa tenisi mwaka 1900. Hata ndani ya riadha, siku ileile ya 31 Julai Halina Konopacka wa Poland alishinda kurusha kisahani. Sema Betty ni bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa mbio za wanawake, utakuwa sahihi bila ubishi.

Sekunde 12.2 mbona ni nyingi? Wasichana wa shule leo wanakimbia hivyo.

Wapo, ndiyo, juu ya njia ya mpira, wakisukuma vyuma vya kuanzia, wamevaa viatu vyepesi, wakiwa wamefundishwa tangu wadogo. Mpe mmoja wao kijikoleo, viatu vya ngozi vyenye misumari mirefu na njia ya majivu, kisha mpime. Kulinganisha muda wa 1928 na wa leo bila kuangalia chini ya miguu si haki. Rekodi ya dunia ya sasa, 10.49 ya Florence Griffith-Joyner, ilikuja miaka 60 baadaye.

Mita 800 za Amsterdam zinaingiaje katika habari za mkimbiaji wa mita 100?

Zinaingia kwa sababu zilikaribia kuwafungia wanawake wote mlango aliopitia Betty. Tarehe 2 Agosti, Lina Radke wa Ujerumani alishinda mita 800 kwa dakika 2:16.8, rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Kinue Hitomi, ambaye alikwenda kule baada ya kukosa fainali ya mita 100. Wote tisa waliofika fainali walimaliza. Baadhi yao walijilaza nyasini kupumua, kama afanyavyo kila mkimbiaji wa mita 800 aliyejitoa kweli, mwanamume kwa mwanamke.

Magazeti yakaandika msiba. Mwandishi mmoja aliandika kwamba wakimbiaji walikuwa 11 na watano wakaachia njiani. Uongo mtupu, lakini uliwafaa waliokuwa wanautafuta. Wapo waliotaka riadha yote ya wanawake iondolewe Olimpiki. Mwishowe mita 800 ndizo zilizotolewa kafara, zikarudi Roma 1960. Miaka 32.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kuletwa na mwanamke wa Kenya ilikuwa ya Pamela Jelimo, Beijing 2008, akiwa na miaka 18, kwa dakika 1:54.87. Mbio gani? Zilezile mita 800 ambazo waheshimiwa wa 1928 waliamua kwamba mwili wa mwanamke hauziwezi.

Aliporudi nyumbani ilikuwaje?

Alipokelewa kwa maandamano New York na Chicago, na watu wa Riverdale wakachanga kumnunulia saa ya almasi. Kisha akarudi darasani kumalizia sekondari. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, akaendelea kukimbia, na mwaka 1929 akawa bingwa wa Marekani wa yadi 50 na yadi 100. Kufikia mwezi Juni 1931 alikuwa katika hali nzuri sana, na Olimpiki ya Los Angeles ilikuwa mwaka mmoja mbele.

Tusimulie sasa kuhusu ajali ya ndege.

Tarehe 28 Juni 1931 lilikuwa joto kali. Betty alitaka kuogelea, lakini mwalimu wake alikuwa amemkataza kwa kuhofia misuli yake ya mbio. Akaamua kwenda kutafuta upepo angani. Binamu yake alikuwa na ndege ndogo ya mabawa mawili, wakapanda. Ilipanda kidogo, injini ikazima, wakaanguka shambani.

Hapa ndipo simulizi maarufu inapoanza: kwamba mtu aliyewakuta alimwona binti hana fahamu, akadhani amekufa, akamtia kwenye buti la gari na kumpeleka kwa mzika maiti, ambaye ndiye aliyegundua kwamba bado anapumua. Imerudiwa mara nyingi, na kadiri inavyorudiwa ndivyo inavyonona. Sihitaji kuinenepesha. Yaliyo kwenye mwili wake yanatosha: mguu uliovunjika vibaya hadi kuwekewa chuma, mkono uliopondeka, jeraha la kichwa. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi. Mguu ule ulipopona ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na goti halikukunjika tena kama zamani. Binamu yake naye alinusurika.

Ilimchukua karibu miaka miwili kutembea kama kawaida. Shemeji yake alikuwa akimsaidia, kwanza akimbeba, kisha akitembea naye, kisha taratibu wakaanza kukimbia.

Kiangazi hichohicho, tarehe 2 Agosti 1931, Kinue Hitomi alifariki Japani kwa ugonjwa wa mapafu akiwa na miaka 24, miaka mitatu kamili tangu siku ya mita 800 zake. Nikiitazama orodha ya wakimbiaji wa Amsterdam, mwaka huo huniumiza.

Bila ajali, angeshinda Los Angeles 1932?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, na sina namna ya kulijibu ila kwa kupima. Mshindi wa Los Angeles alikuwa Stella Walsh, Mpoland aliyekulia Cleveland, kwa sekunde 11.9. Wa pili, Hilda Strike wa Kanada, naye alipewa 11.9. Betty alikuwa amekimbia 12.0 akiwa mtoto wa sekondari mwenye mashindano mawili tu. Siku chache kabla ya ajali, mwezi Juni 1931, alikimbia yadi 220 kwa sekunde 25.1, muda uliohesabiwa kuwa bora duniani. Alikuwa na miaka 19. Mkimbiaji wa mbio fupi wa umri huo bado anakua.

Nasema angekuwemo kwenye ule mstari, na sitasema zaidi. Kinachojulikana ni ugumu wa kutetea taji hilo. Mwanamke wa kwanza kushinda mita 100 mara mbili mfululizo alikuwa Wyomia Tyus, mwaka 1964 na 1968, miaka 40 baada ya Amsterdam.

Mtu ambaye goti lake halikunjiki anakimbiaje Olimpiki?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niitukuze dhahabu ya pili kuliko ya kwanza.

Mita 100 huanzia chini. Unapiga goti, unaweka mikono mstarini, na nguvu ya hatua za mwanzo inatoka kwenye nyonga na magoti yaliyokunjwa. Goti la Betty halikukubali. Angeanza amesimama angeachwa hatua mbili kabla mbio hazijakolea, na kwenye mita 100 hatua mbili hazirudi.

Lakini katika kupokezana vijiti, anayeanzia chini ni mmoja tu. Wa pili, wa tatu na wa nne husubiri wamesimama, wanaanza kukimbia mwenzao anapokaribia, na kupokea kijiti ndani ya eneo ambalo wakati huo lilikuwa la mita 20. Hapo kinachotakiwa ni kasi ya katikati na utulivu wa mkono. Betty alikuwa bado na kasi, na utulivu tulishauona Amsterdam. Akaacha mbio zilizompa jina, akaanza kuwania nafasi moja kati ya nne.

Akapata. Ilikuwa miaka ya uchumi mbaya Marekani, na wanariadha wengi walilazimika kujitafutia sehemu ya fedha za safari. Alikwenda Berlin akiwa na miaka 24.

Dhahabu ya Berlin si Wajerumani waliiangusha wenyewe?

Waliangusha kijiti, ndiyo. Kwenye raundi ya kwanza Wajerumani walikuwa wamekimbia 46.4, rekodi ya dunia, na uwanja mzima ulikuwa wao, Hitler akiwa jukwaani. Kwenye fainali, tarehe 9 Agosti, waliongoza kwa mita kadhaa. Betty alikimbia mzunguko wa tatu baada ya kupokea kutoka kwa Annette Rogers. Harriet Bland ndiye aliyekuwa ameanza. Marie Dollinger alimfikishia kijiti Ilse Dörffeldt, wa mwisho wa Ujerumani, na kikaanguka. Wakati huo Betty alikuwa ameshamkabidhi chake Helen Stephens, bingwa mpya wa mita 100, na Stephens hakuangalia nyuma. Marekani 46.9, Uingereza ya pili, Kanada ya tatu.

Wanaoiita bahati hawajawahi kusimama ndani ya yale mita 20. Kupokezana ni sehemu ya mbio, sawa na kuanza na kumaliza. Wajerumani walikuwa na kasi kubwa zaidi. Wamarekani walifikisha kijiti mara tatu. Na Dollinger aliyekimbia sambamba na Betty alikuwa mmoja wa wenye kasi zaidi Ulaya. Mwanamke mwenye chuma mguuni hakumwachia pengo ambalo Stephens asingeweza kulifanyia kazi.

Mbona kwenye timu hizo hakuna wakimbiaji weusi?

Walikuwepo, wakaachwa. Tidye Pickett wa Chicago na Louise Stokes wa Massachusetts walichaguliwa kwenye kikosi cha Los Angeles 1932, lakini siku ya vijiti waliwekwa benchi. Mwaka 1936 walikwenda Berlin. Pickett alishindana mita 80 za kuruka viunzi, akawa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kushindana katika Olimpiki, akaumia mguu kwenye nusu fainali. Stokes alirudi nyumbani bila kukimbia. Tunakumbuka dhahabu nne za Jesse Owens Berlin na tunafanya vizuri, lakini dada hawa wawili walikuwa kwenye msafara uleule. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Marekani ilisubiri hadi London 1948, Alice Coachman kwenye kuruka juu.

Simlaumu Betty kwa maamuzi ya viongozi wa timu. Ila anayeisimulia timu ile bila Pickett na Stokes anaisimulia nusu.

Alifanya nini baada ya Berlin?

Aliacha kukimbia. Mwaka 1939 aliolewa na Richard Schwartz, wakapata watoto wawili. Aliendelea kushika saa kwenye mashindano na kuzungumzia michezo ya wanawake alipoalikwa. Jina lake liliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa riadha wa Marekani mwaka 1977, karibu miaka 50 baada ya Amsterdam. Nadhani walichelewa.

Aliishi hadi lini?

Alifariki tarehe 18 Mei 1999, Colorado, akiwa na miaka 87. Miaka mitatu kabla, mwenge wa Olimpiki ulipokuwa ukizungushwa Marekani kuelekea Atlanta 1996, alipewa kuukimbiza kipande chake cha njia, akiwa na miaka 84. Kwenye michezo hiyo mshindi wa mita 100 za wanawake alikuwa Gail Devers, ambaye miaka mitano nyuma madaktari walikuwa wamekaribia kumkata miguu kwa ugonjwa. Devers na Merlene Ottey wa Jamaika walipewa muda uleule, 10.94, na waamuzi wakahitaji picha kumjua aliyetangulia.